Mgando: vidole vya baba mdogo na jani la shubiri

Mwaka jana, Septemba, nilipanda Marangu kumsalimia baba mdogo. Nilimkuta kibarazani ameshika kichupa cha plastiki, anakigeuzageuza kama mtu anayekagua noti asiyoiamini. Mjukuu wake, ambaye siku hizi ni mgumu, yaani mpagazi kwa lugha ya mlimani, alikuwa ameshuka juzi yake. Mgeni mmoja alimwachia kile kichupa pamoja na soksi mbili na bakshishi. Eti ni jeli ya ngozi iliyoumizwa na baridi.

"Nisomee," baba mdogo akaniambia. "Humu wameweka nini?"

Nikasoma orodha ya vitu, maandishi madogo kama miguu ya sisimizi. Cha kwanza kabisa kilikuwa ute wa aloe.

"Ni shubiri, baba."

"Shubiri?"

"Shubiri. Jani lile lile la kwa bibi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafungua kifuniko, akaminya tone moja, akalipaka kwenye mkono wake wa kushoto, pale ambapo kidole cha pete na kidole cha mwisho vinakomea kwenye kiungo cha kwanza. Akapuliza kidogo, kama mtu anayepoza uji. "Imechelewa miaka mingi," akasema.

Toka siku ile nimekuwa nikisoma. Sikusomea udaktari, msomaji, kwa hiyo usinichukue kwa cheti. Mimi ni mtu wa vitabu, na nilitaka kujua historia ya tone lile: limetoka wapi, limepitia wapi, na kwa nini lilimfikia mtu wa Marangu likiwa ndani ya begi la mgeni, wakati shina lake lilikuwa limeota kando ya zizi la mbuzi la mama yake.

Nianze na vidole vyenyewe.

Ilikuwa 1987. Baba mdogo alikuwa kijana, ameshapanda safari kadhaa za njia ya Marangu, lakini mwisho wake ulikuwa Kibo, kwenye kile kibanda kilichoko zaidi ya mita 4,700. Wapagazi walibaki pale, viongozi wakaendelea na wageni usiku wa manane. Usiku ule msaidizi wa kiongozi aliugua tumbo, na baba mdogo akapandishwa cheo ghafla. Hakuwa na nguo za cheo hicho. Alikuwa na koti la mtumba, suruali mbili zilizovaliwa moja juu ya nyingine, na glavu za sufu zenye tundu kwenye vidole viwili. Unajua tayari ni vidole vipi.

Walipofika kwenye pango linaloitwa la Hans Meyer, mgeni mmoja akashindwa. Kiongozi akasema, kaa naye hapa, sisi tunaendelea, tukishuka tutawachukua. Wakakaa. Baba mdogo alishika tochi ya chuma kwa mkono wa kushoto. Upepo ulipita ndani ya zile glavu kama hazipo. Anasema kwanza vidole viliuma sana, kisha vikachoma, kisha vikanyamaza. Neno hilo ni lake. Viliponyamaza alifurahi, akadhani vimepata joto.

Kulipopambazuka akavua glavu. Vidole vilikuwa vya kijivu, anasema, kama mkono wa mtu aliyetoka kupepeta majivu. Picha nyingi za vitabu vya udaktari nilizoziona zinaonyesha vidole vya Wazungu, vyeupe kama nta. Kwenye ngozi yetu haviwi hivyo. Vinapauka, na mtu anaweza kudhani ni vumbi la njiani. Tena kuna jambo ambalo jeshi la Marekani limelijua tangu vita ya Korea: askari wao weusi waliumizwa na baridi mara nyingi kuliko wenzao weupe. Lakini kijana wa Marangu angeambiwa na nani?

Kiongozi aliporudi akaona, akashtuka, akachota barafu, akaanza kumsugua vidole kwa nguvu zote. Ndivyo alivyofundishwa. Walipofika Kibo mpishi naye akamwonea huruma, akamsogeza karibu na jiko la mafuta ya taa. Baba mdogo akaweka mkono juu ya moto na hakuhisi kitu. Alijua ameungua baada ya kusikia harufu.

Watu wote wawili walimpenda. Hilo huwa analisema kila anaposimulia, na nadhani analisema kwa ajili yangu, maana mimi ndiye huwa ninakasirika.

Sasa kile alichokifanya yule kiongozi kina historia ndefu, na historia hiyo haikuanzia Kilimanjaro. Mwaka 1812 jeshi la Napoleon lilirudi nyuma kutoka Moscow katikati ya majira ya baridi. Daktari wake mkuu wa upasuaji, Dominique Jean Larrey, aliona askari wakijirusha kwenye mioto ya usiku kuota mikono na miguu iliyoganda, na kesho yake nyama inaoza. Akahitimisha kwamba joto ndilo linaloua. Akashauri kiungo kisuguliwe kwa theluji au maji baridi sana, kirudi taratibu. Larrey alikuwa mtu makini na macho yake hayakumdanganya. Tatizo ni kwamba wale askari waliota moto usiku, wakatembea tena kwenye baridi asubuhi, viungo vikaganda upya, vikayeyuka tena usiku, vikaganda tena. Mzunguko huo ndio uliokuwa ukiwamaliza, pamoja na kuungua kwa moto wasiousikia. Lakini ushauri wake ukaingia vitabuni na kukaa humo zaidi ya miaka mia. Madaktari wa Kisovieti walianza kuupinga kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, na huko Alaska daktari William Mills akaja kuonyesha, karibu na 1960, kwamba kinachookoa vidole ni maji ya uvuguvugu, yapashe upesi, na usisugue kabisa. Maana ndani ya nyama iliyoganda kuna chembe za barafu. Ukisugua, ni kama unasaga vipande vya chupa ndani ya mfuko wa ngozi.

Kwa hiyo mwaka 1987 elimu sahihi ilikuwa na umri wa miaka kama ishirini na saba. Iliyofika kwenye miteremko ya Kibo ilikuwa ile ya 1812. Nimejaribu kuwaza ilivyosafiri: kutoka kitabu cha Mfaransa mpaka kitabu cha huduma ya kwanza cha mzungu fulani, kutoka kwake mpaka kwa kiongozi mmoja wa zamani, kutoka kwake mpaka kwa kijana aliyemfuata nyuma. Elimu mbaya nayo ina wapagazi wake.

Na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: kabla ya Wazungu, watu wa mlima huu waliijuaje baridi inayokula vidole?

Wapenzi wa historia wanaifahamu tarehe 11 Mei 1848, siku ambayo mmishenari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alimuuliza kiongozi wake, mtu wa pwani aitwaye Bwana Kheri. Kiongozi akajibu kwa neno moja tu, baridi. Rebmann akaandika kwamba hiyo ni theluji bila shaka. Kule London, msomi wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, akasema haiwezekani, theluji gani kwenye ikweta? Alishikilia hivyo kwa miaka mingi, hata baada ya Baron von der Decken kupanda mwaka 1862 mpaka theluji ikamwangukia.

Kisa hiki kinasimuliwa kila mara kama ugomvi wa Wazungu wawili. Mimi kinachonivutia ni lile neno la Bwana Kheri. Kiswahili cha pwani kilikuwa na theluji, kutoka Kiarabu, na barafu, ambayo asili yake ni Kiajemi. Lakini mtu wa msafara aliyeambiwa kuhusu kitu ambacho hajakigusa alitaja kinachofanya. Baridi. Kama ningekuwa mpagazi, hiyo ndiyo habari ambayo ningeihitaji kwanza.

Watu wa pwani walikuwa wamewaonya wamishenari hawa mapema. Mlima una majini, walisema. Ukipanda, baruti haiwaki, na miguu inakakamaa mpaka unakufa. Wamishenari waliandika maneno hayo wakiyahesabu kuwa ushirikina. Ukiyasoma leo unaona ni taarifa ya kitabibu iliyovaa kanzu ya majini. Unyevu unaharibu baruti, miguu inakakamaa kwa baridi, na mtu anakufa. Aliyeileta habari hiyo pwani alikuwa ameona, au aliongea na aliyeona.

Kuna na habari nyingine waliyoiandika, na hii ndiyo iliyonikalisha chini. Rengwa, mangi wa Machame, aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakachunguze kile kitu cheupe ni nini. Kundi zima likapotea isipokuwa mtu mmoja. Huyo alirudi mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi, akabaki mlemavu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Huyo ni mgonjwa wa kwanza wa kuganda kwa viungo ninayemfahamu katika maandishi yoyote kuhusu Kilimanjaro, na alirudi na ripoti yake ikiwa imeandikwa mwilini, miaka mingi kabla Cooley hajashika kalamu. Ushahidi wa theluji kwenye ikweta ulikuwepo. Ulikuwa unatembea kwa shida Machame.

Alipakwa nini? Habari ile haisemi. Najua kwamba kwenye vihamba vyetu daima kulikuwa na mafuta ya ng'ombe na asali, na najua shubiri inaota kwenye miteremko ya chini, kule kukavu. Aina moja ya shubiri ndefu ya kwetu inaitwa na wanasayansi Aloe volkensii, kwa heshima ya Georg Volkens, Mjerumani aliyefanya utafiti wa mimea kwenye kituo cha Marangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mmea ulikuwa na majina yake kabla ya hapo, lakini hiyo ni hadithi ya mimea yote.

Hans Meyer alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Ludwig Purtscheller. Kitabu chake kinawataja hao wawili kileleni. Nikisoma habari zile, jicho langu linabaki kwa Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa kwenye hema zaidi ya mita 4,300 akipika na kulinda kambi siku baada ya siku, wakati wapagazi wengine wamerudishwa chini. Mtu wa Pangani! Pangani ni minazi na joto la mto. Wazungu wale wawili walikuwa na viatu vya milima na mavazi ya sufu, na Purtscheller alikuwa mtaalamu wa milima ya Alps. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa kiongozi wa safari hiyo, alikuja kutambuliwa rasmi mwaka 1989, mlima ulipoadhimisha miaka 100 ya kupandwa. Akafariki 1996. Baba mdogo alikuwepo kwenye shamrashamra hizo. Vidole vyake vilikuwa na miaka miwili tu tangu vikatike.

Basi turudi kwenye shubiri, maana hapo ndipo mambo yanapopinda.

Kila Mswahili anajua kitu kichungu ni kichungu kama shubiri. Mama anayemwachisha mtoto ziwa huipaka kwenye chuchu. Wafugaji wa kuku huweka vipande vya jani kwenye maji ya kunywa kideri kikipita. Na kwa karne nyingi shubiri ilikuwa biashara ya bahari yetu. Kisiwa cha Sokotra kilisifika kwa shubiri tangu enzi za kale, na katika vitabu vya dawa vya Ulaya vya karne ya 19 utakuta kitu kinaitwa shubiri ya Zanzibar, bidhaa iliyofungwa ndani ya ngozi za wanyama na kupelekwa ng'ambo. Lakini biashara ile yote ilikuwa ya ule utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda la jani, mchungu kweli kweli, ambao ukikaushwa unakuwa bonge jeusi. Kazi yake ilikuwa kuharisha. Wagonjwa wa London walisafishwa matumbo kwa shubiri ya kwetu, na hakuna aliyewaza habari ya vidole.

Jani la shubiri lina vimiminika viwili. Huo wa njano uko kando, karibu na ganda. Katikati kuna ute mweupe unaopitisha mwanga, mzito kama ute wa yai, na huo si mchungu kihivyo. Bibi yangu alijua tofauti hiyo. Alikata jani, akalisimamisha kwenye bakuli mpaka njano yote ichuruzike, ndipo alipolimenya. Nilidhani ni usafi tu. Miaka mingi baadaye nimesoma kwamba ile njano inaweza kuwasha ngozi, na viwanda vinavyotengeneza jeli huanza na hatua hiyo hiyo.

Wataalamu walichelewa kuutazama ule ute. Mwaka 1935 madaktari wawili wa ukoo mmoja, Collins na Collins, waliandika kuhusu ngozi iliyounguzwa na mionzi ya eksirei kutibiwa kwa jani bichi la shubiri. Halafu miaka ya 1980, Marekani, John Heggers na Martin Robson walipima maji yaliyomo ndani ya malengelenge ya watu waliogandishwa na baridi. Walikuta kemikali zilezile zinazopatikana kwenye malengelenge ya walioungua moto, mojawapo ikiitwa thromboksani, ambayo hubana mishipa na kuifanya damu igande. Hapo wakaelewa jambo kubwa. Kidole hakifi chote kule mlimani. Sehemu inakufa kwa barafu, na sehemu nyingine inakufa baadaye, kikishapata joto, kwa sababu mishipa midogo inazibwa na damu iliyoganda. Kuna saa chache ambazo kidole kiko katikati, hakijafa na hakijapona. Ute wa shubiri una uwezo wa kuzuia hiyo thromboksani.

Wakatengeneza utaratibu: maji ya uvuguvugu, kutoa malengelenge yenye maji meupe na kuyaacha yenye damu, kupaka shubiri kila baada ya saa kadhaa, vidonge vya kutuliza uvimbe, dawa ya vijidudu. Waliwalinganisha wagonjwa 56 waliotibiwa hivyo na 98 waliotibiwa vinginevyo. Katika kundi la kwanza waliokatwa viungo walikuwa asilimia 7. Katika kundi la pili, karibu asilimia 33.

Makala hiyo ilichapishwa 1987.

Niliposoma mwaka huo nilisimama, nikaenda kuchemsha chai. Mwaka ule ule bibi alikuwa anamenya jani kando ya zizi la mbuzi, Marangu, asubuhi na jioni, anampaka mwanawe mkono, anaufunga kwa kitambaa cha kanga kilichochemshwa.

Ningependa kuishia hapo na kusema bibi alikuwa ametangulia sayansi. Ni hadithi tamu na ningepata makofi. Lakini baba mdogo alifika kwa bibi siku ya pili jioni, baada ya kusuguliwa, baada ya kuungua, baada ya kutembea na mzigo kutoka Kibo hadi Horombo na kutoka Horombo hadi getini, malengelenge yakipasuka ndani ya glavu. Saa zile za katikati zilikuwa zimepita. Thromboksani ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Shubiri ya bibi ililainisha kidonda, ilizuia kisikauke na kupasuka, labda ilisaidia vidole vile vitatu vingine. Labda. Hata takwimu za Heggers haziwezi kusema ni kiasi gani kilitokana na shubiri na kiasi gani na maji ya uvuguvugu au vidonge, maana walivitumia vyote pamoja, na wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Miongozo ya leo ya madaktari wa milimani bado inaitaja jeli ya shubiri, kwa maneno ya tahadhari: paka, haina madhara, lakini haifiki ndani sana.

Hospitali ya mjini walikompeleka ilifanya jambo moja la busara, iwe kwa elimu au kwa uhaba wa madaktari, sijui. Ilimwambia asubiri. Vidole vilivyoganda havikatwi haraka. Vinaachwa wiki kadhaa, hata miezi, mpaka mpaka wa kilichokufa na kilicho hai ujionyeshe wenyewe. Vyake vilikauka vikawa vyeusi na vyepesi, anasema kama ganda la mgomba, na siku moja akiwa anafungua mlango wa stoo cha mwisho kikabaki kwenye komeo. Hakusikia maumivu. Alikizika chini ya sale, mpakani mwa kihamba. Kampuni iliyomwajiri ilimlipa siku zake za safari, kama wengine.

Hapa nitoke pembeni kidogo, maana hii ni blogu ya fasihi na mtaniuliza. Ndiyo, nimefikiria hadithi ya Hemingway, The Snows of Kilimanjaro, ya 1936. Wengi wanakumbuka chui aliyekauka karibu na kilele, ambaye kweli alikuwepo, mchungaji Richard Reusch alimkuta mwaka 1926. Wachache wanakumbuka kwamba shujaa wa hadithi anakufa kwa kidonda. Alikwaruzwa na mwiba gotini, hakupaka ayodini, nyama ikaoza. Hadithi maarufu kuliko zote kuhusu mlima wetu imejengwa juu ya dawa ya kupaka iliyosahauliwa! Lakini Harry alikuwa na ayodini na akapuuza. Ndiyo maana anaweza kulala pale akijutia vitabu ambavyo hakuviandika. Mtu ambaye hakuwa na glavu nzima hajui ajutie nini.

Narudi. Kuna neno ambalo limekuwa likinichezea kichwani tangu nianze kuandika. Kuganda. Maji yanaganda, damu inaganda, maziwa yanaganda, na dukani tunanunua mafuta ya mgando. Kipupwe kikiingia Juni, Moshi nzima inanuka mafuta hayo, midomo, visigino, mashavu ya watoto wa shule. Na wagumu wengi wanaamini ukijipaka mafuta ya mgando usoni na vidoleni baridi ya juu haitakupata. Mjukuu wa baba mdogo aliniambia hivyo hivyo, kwa uhakika kabisa. Utafiti uliofanywa kwa askari wa Finland, watu wanaoijua baridi, ulikuta kinyume: waliojipaka mafuta usoni ndio walioumia zaidi. Mafuta hayaongezi joto. Yanakufanya uhisi umelindwa, ukachelewa kufunika.

Na hilo ndilo ninaloliogopa kwenye kile kichupa cha jeli. Ni kizuri, kina nembo, kinanukia. Mtu mwenye kichupa mfukoni anaweza kuahirisha kununua glavu. Dawa zenye nguvu ya kweli zipo siku hizi. Iloprost, inayotolewa kwa mshipa, ilijaribiwa Chamonix, Ufaransa, na matokeo yakachapishwa 2011. Katika kundi lililopewa dawa hiyo hakuna aliyekatwa kidole. Marekani waliiidhinisha kwa kazi hiyo Februari 2024. Lakini hiyo nayo inahesabu saa. Ukimwanzishia mgonjwa siku ya nne ni kama umechelewa basi.

Kinachowezekana Kibo, usiku ule ule, ni kidogo na ni rahisi. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nyuzi 37 mpaka 39, joto ambalo kiwiko cha mtu mzima kinalivumilia bila kushtuka, kama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Weka mkono humo nusu saa. Usisugue. Usiweke motoni. Na kama mtu bado ana safari ya kupita kwenye baridi na hana cha kujifunika, bora usiyeyushe kwanza, maana kuganda mara ya pili ndiko kulikomaliza jeshi la Napoleon. Jikoni kila kambi wanachemsha maji ya chai ya wageni. Beseni lipo, tena wageni hunawia humo asubuhi.

Mambo yamebadilika, nisiwe mchoyo wa kusema. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Tangu 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, wenye ofisi hapo Moshi, unaoazimisha makoti, viatu na glavu bila malipo. Lakini nenda soko la Memorial asubuhi msimu ukiwa umechanganya, utawaona vijana wakipekua marundo ya mitumba, wanajaribu glavu moja moja, maana huwa haziji jozi. Kijana anapata ya kushoto ya bluu na ya kulia nyeusi, anaziinua juani kutazama kama zina tundu.

Jioni ile kabla sijaondoka, mjukuu alitoka ndani na begi lake. Kesho yake alikuwa anapanda tena, njia ya Machame safari hii. Akanyoosha mkono kuchukua kichupa. Baba mdogo akakishikilia.

"Hiki kinabaki," akasema. "Nitapaka visigino."

"Babu, nimepewa mimi."

"Glavu zako ziko wapi?"

Kijana akatoa glavu begini. Baba mdogo akazichukua, akaingiza mkono wake wa kushoto kwenye ile ya kwanza, akatandaza vidole. Viwili vilikuwa vitupu nchani, vikalala. Akaanza kuvikagua kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, mshono kwa mshono, polepole, hata vile vilivyo vitupu.

"Hapa pameanza kuachia," akasema. "Niletee sindano."